Kura ya Wyatt Kutoka Korea

Lorna, huku kambini hakukaliki! Kura za umeya mjini kwa kina Wyatt, askari mwenzangu, kule Iowa, zilifungana. Ikabaki moja tu, inayokuja kwa posta. Ya Wyatt! Na mji mzima unajua ni yake!!

Mgombea mmoja ni Merle, mjomba wake aliyemlea.

Wyatt akawa anazunguka bwenini: “Nilimnyima. Nilimnyima! Nani angejua?”

Leo bahasha imefunguliwa. Merle kaanguka. Kwa kura moja, Lorna, MOJA!

Simu ya Wyatt ikalia papo hapo. Ni Merle.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Ulisema utafunga maktaba.”



“Si ungeniambia usoni?” Merle akakata.

Wyatt anapiga, haipokelewi. Sasa kaenda kuomba likizo, akamwambie usoni.