Nusu Gunia Katikati ya Mti

Dada Anastazia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, ungenisema.

Unakumbuka miaka ile tairi za baiskeli hazikupatikana hata mjini Kayanga? Baiskeli ya baba ikabaki imeegemea ukuta, na kahawa yetu tukawa tunaipeleka chama cha ushirika kwa mabega. Nusu gunia limefungwa kamba, limening'inia kwenye mti wa mkaratusi tuliouweka mabegani. Mimi mbele, wewe nyuma, tunapanda kilima cha Nyakasimbi. Tukirudi, mama alikupaka samli begani, pale palipochubuka. Bega langu lilikuwa zima. Nikakutania kwamba ukubwa wako ni wa umri tu, nguvu ninazo mimi. Ulicheka, ukasema labda.

Kisha darasa la sita tukafundishwa nyenzo. Mwalimu aliwaita wanafunzi wawili, akalaza rula juu ya vidole vyao, kila mmoja na ncha yake, akaweka jiwe katikati. Uzito ukagawanyika sawa. Halafu akalisogeza jiwe upande mmoja. Aliyekaribiwa na jiwe, kidole chake kikaanza kushuka. Mwenzake akasema hasikii kitu. Tukaambiwa tuandike: mzigo ukiwa karibu nawe, sehemu yako ni kubwa, ukiwa mbali, sehemu yako ni ndogo. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nafikiria kamba ya gunia.

Safari iliyofuata niligeuka ghafla njiani. Kamba ilikuwa karibu kugusa kifua chako. Nikakueleza habari za rula na jiwe, nikataka tuirudishe katikati. Ulisema mwalimu wangu akiona vibaya aje abebe yeye. Nilipokataa kutembea, ndipo ukasema kwa upole, "Kesho unahitaji shingo ya kutazama ubao. Tembea, mdogo wangu."

Nikatembea. Nilimaliza la saba kwa bega lako.

Sasa ni wiki chache tangu tukulaze kando ya migomba. Editha wako yuko darasa la saba. Baada ya matanga aliniambia anaacha shule anisaidie kulima kibanja, kwa kuwa sina mtu mwingine. Nilimsihi sana. Akachukua jembe, akatangulia shambani.

Jumamosi tulipeleka kahawa kwa mti kama zamani, maana baiskeli hatuna. Nilimweka mbele, mimi nikashika nyuma, na taratibu nikaivuta kamba kwangu. Hatukufika mbali, akasimama bila kugeuka.

"Mama mdogo, irudishe. Nyenzo tumesoma."

Nikajifanya sielewi. Akanieleza yote, rula na jiwe, kwa sauti yako kabisa, akaongeza kwamba yeye si mtoto wa kubebewa. Nikamwambia nitairudisha, ila naye Jumatatu arudi darasani, maana hayo aliyonieleza hakuyapata kwenye jembe. Alifikiri mpaka mti ukaanza kuniuma.

"Sawa," akasema. "Lakini katikati kabisa."

Tukatua, akaipima kamba mwenyewe kwa shubiri, huku na huku, tukainuka. Ule mlima haujawahi kuwa mrefu hivyo kwangu, Dada. Jioni tulipakana samli. Bega lake limechubuka kidogo, langu kidogo.

Leo ni Jumatatu. Ameondoka asubuhi na daftari zake, anasugua bega na kucheka. Nimeona nikuambie kabla sijaenda shamba.

Pumzisha bega, Dada.

Mdogo wako, niliyekuwa mbele