Jina la Leso Aliyoisoma Badi

Mselemu wee,

Sikuulizi hali, maana ni mimi niliyeshuka kaburini pale Takaungu nikakulaza, na hata siku hiyo ulikuwa mzito kama kawaida yako. Mimi mzima, ila magoti. Nakuandikia kwa sababu nimekulipizia kisasi, na sina mwingine wa kucheka naye.

Yule kijana wetu wa kazini, Badi, alikula hitima yako. Sahani mbili za pilau, ya tatu akamfungia mkewe. Kumbe diski yako imo mfukoni mwake! Wiki haijaisha, akamwambia tajiri wetu wa leso hapa Malindi kwamba ile maktaba yako ya kompyuta ameitunga yeye, wewe ulikuwa ukimsaidia kubonyeza tu. Akalifuta jina lako juu ya programu, akatia lake. Kubonyeza, Mselemu! Nilitoka nje nikatema mate.

Uliponiambia umetengeneza maktaba ya picha, si nilikuja na kitabu changu kisicho jalada nikakuuliza rafu iko wapi? Ulicheka mpaka ukashika meza. "Kombo, maktaba hii haina vitabu, ina maagizo. Programu yoyote ikitaka kusoma picha kwenye diski, au kuiandika humo, haina haja ya kuanza alifu. Inakuja kuazima kwangu." Nikakuuliza, na isiporudisha? Ukanipiga na kofia.

Ukanifunza kuchora leso kwenye daftari la hesabu na kuiingiza kwenye kompyuta: chumba chenye wino ni moja, kitupu ni sufuri. Nikakwambia mimi shule niliiachia darasa la nne. Ukasema kompyuta nayo haijui zaidi ya sufuri na moja. Basi, nikasema, tulikuwa darasa moja.

Sasa sikiliza. Tajiri aliwaalika wenzake wa Mombasa waje kuona leso ikitoka kwenye kioo cha kompyuta. Badi akanijia mbio: "Mzee Kombo, nichoree moja ya kupendeza, na uiingize mwenyewe." Mwenye maktaba hajui kuingiza picha! Nikamwambia, "Ondoa shaka, mwanangu." Siku tatu nikapaka vyumba. Hakuja kutazama hata mara moja.

Siku ya siku akavaa kanzu mpya. Kompyuta ile waijua, hushusha picha mstari kwa mstari, kama mtu mwoga ateremkaye mnazi. Likatoka pindo la juu. Wageni, mashaallah! Ukafuata mji, pale katikati, umejaa korosho. Badi akavimba: "Hii yote kazi ya kichwa changu." Mimi natafuna tambuu. Nangoja jina, na jina la leso ni yale maneno ya chini. Vikatoka vichwa vya herufi, kisha matumbo. Badi, kwa kujishaua, akawasomea wageni kwa sauti:

MWENYE KAZI YUKO TAKAUNGU, WEWE WAJUANI?

Sauti ikamfia kwenye "wajuani."

Tajiri akamkazia macho. "Hebu ingiza picha nyingine, Badi." Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kompyuta ikamlilia ti-ti-ti. Akanigeukia, jasho linamtiririka. Nikamwambia mbele ya wote, "Mimi ni wa kubonyeza tu, mwanangu."

Wallahi, nilitamani ungekuwepo.

Jina lako limerudi juu ya programu. Tajiri alisema nilirudishe mimi, nikalitafuta herufi kwa herufi kwa kidole kimoja. Nilipofika kwenye U ya mwisho kidole kikagoma. Ukiimaliza tu, jina limekwisha, na mwenyewe... Nikaibonyeza.

Badi sasa yuko stoo, anakunja marobota. Sijamsamehe, wala usinitokee ndotoni kumwombea.

Halafu kuna hili. Tajiri ameipenda leso ile, ameipeleka ikapigwe chapa. Asema wanawake wataigombania kabla hata ya kujua yamsema nani. Nakuahidi, Mselemu: doti ya kwanza naibeba mimi mwenyewe mpaka nyumbani kwa Badi, nimtunze mkewe. Mama wa watu apenda leso mpya, atajifunga kutwa. Kila akimpelekea mumewe chai, Badi atakusoma.

Lala, sahibu yangu. Mimi ningali naye.

Wako wa darasa moja,
Kombo