Njia ya Nzohe

Kijiji cha Ujamaa Runazi,
S.L.P. 41,
Biharamulo.
9 Machi, 1975.

Mpendwa Shangazi Felisita,

Shikamoo. Miguu inasemaje huko Tabora? Mwanao Leonidas amepata kazi reli, au bado anazunguka? Sisi tunapumua tu. Mke wangu Anjelika ana kikohozi lakini analima. Mvua imetunyima, maharage yamekauka yakiwa bado maua, na tunakula unga wa njano, huu wanaouita wa yanga. Hata hayo ningeyaita neema, Shangazi, kama si habari ya baba.

Baba hali. Leo ni siku ya tisa anakunywa maji tu.

Unajua tangu tulipohamishwa kutoka kule bondeni mwaka jana, kila Jumapili alikuwa anarudi kuwatazama nzohe, wale swala wetu wa kwenye mafunjo. Nyumba zimeezuliwa, migomba imekufa, lakini wale hawakuhamishwa na mtu. Alibaki jike mmoja na ndama wake. Baba akirudi alitusimulia kama mtu aliyetoka kusalimia ndugu, na kweli ni ndugu. Nani wa ukoo wetu amewahi kuonja nyama ile?

Sasa sikia nililofanya. Jirani yetu hapa ni Shibuda, Msukuma kutoka Shinyanga, mtu mwema, ndiye aliyetusaidia kuezeka. Siku moja tukipalilia shamba la ujamaa aliniuliza ni mnyama gani yule aliyeona nyayo zake bondeni, mwenye kwato ndefu kama vidole. Mimi na kiherehere changu nikammwagia yote uliyonifundisha utotoni: kwamba kwato zile hutanuka asizame matopeni, kwamba anakula machipukizi ya mafunjo, mwenye pembe ni dume tu, na akishtuliwa hakimbii mbali, huzama majini akabakiza pua. Nikaona fahari, nikamalizia kwamba hupita njia ile ile kila siku, na pa kuanzia nikamwonyesha kwa kidole. Nilidhani mwiko wetu ni wa kila mtu. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Shibuda hana mwiko huo, na watoto wake walikuwa na njaa. Akatega kitanzi njiani pale pale. Tena alituletea mguu mzima, maskini, kwa ujirani mwema. Aliyepokea ni baba. Alifunua majani ya mgomba, akaona kwato.

Hakumgombeza. Alishuka bondeni akamtafuta ndama siku tatu, akamkuta juu ya matete alipolazwa na mama yake, amekwisha kufa. Aliporudi alinyoa nywele, akaingia chumbani. Anasema hatatia kitu kinywani mpaka aliyemwonyesha mgeni njia aje amwambie mwenyewe. Nami, kwa aibu yangu, nimejifanya kuulizauliza kijijini.

Kosa hili, kwa mila yetu, huoshwa na shangazi peke yake. Njoo, hata kama ni kwa kukopa miguu.

Jana nilimpelekea uji. Alinitazama mpaka nikainamisha uso, akasema, "Felisiani, acha kuuliza watu. Mimi ninamjua. Namngoja tu."

Niliweka bakuli chini nikatoka.

Msalimie Leonidas, na jirani yako Bi Biubwa. Mungu na wazee waliotutangulia wakushike mkono safarini. Wewe uliye Tabora nimeweza kukuandikia kwamba ni mimi. Kwa baba ni kuvuka ua tu, na nimeshindwa.

Wako akupendaye,
Felisiani