Kikosi cha Bijombo Hakijafukuzwa

Byamungu,

Naanza na neno ambalo nilikunyima miaka yote: wewe ndiye uliyekuwa na haki. Lisome mara mbili ukitaka, maana sitalirudia. Wale wazee wako wa mikuki wameuokoa ufalme wetu, na mimi nilikuwepo kushuhudia, nimekodoa macho mbele ya ile kompyuta yako chakavu.

Unakumbuka sheria yetu. Betri ya paneli ya jua ilikuwa haimalizi saa mbili, kwa hiyo tuligawana mchezo mmoja wa vita wa kompyuta: wewe mizunguko kumi katikati ya wiki, mimi mizunguko kumi Jumamosi, na kila mmoja anamwandikia mwenzake kwenye daftari hali aliyoiacha. Ufalme mmoja, wafalme wawili. Watu wa mtaani kwetu Kasenga walituona vichaa, watu wazima wawili tunaogombana juu ya askari wasiokula ugali.

Na tuligombana kweli! Kikosi cha kwanza kabisa ulikiita Bijombo, kwa ajili ya milima ya babu yako, ukaapa kwamba hakitavunjwa. Kila silaha mpya ilipogunduliwa, ulikibadilishia. Kutoka mikuki kwenda panga na ngao, bei yake ilikuwa karibu vikosi viwili vipya. Nilikuwa nakuambia, "Fukuza hao bazee, tutengeneze bengine." Nawe unanijibu bila hata kunitazama, "Na zile nyota zao, tutanunua wapi?" Ulimaanisha nyota za vita walivyopigana, ambazo askari mpya hana. Mimi niliona hesabu tu. Hesabu zangu zilikuwa nzuri sana, ndugu yangu, na hazikusaidia kitu.

Alhamisi ile ya mwisho uliwapa magobori. Ijumaa nilipita kwenu kuchukua chaja, wewe ukiwa sokoni, nikafungua daftari: "Nimebadilisha Bijombo. Sanduku iko tupu. Usikasirike." Nilikasirika. Adui alikuwa amejaa mpakani na sisi hatuna dhahabu hata ya ukuta. Nikachukua kalamu nikaandika chini yake: "Weye hauko jenerali, uko katekista. Ufalme ukianguka, ni weye umeuua."

Jumamosi asubuhi milio ya risasi za kweli ikaanza upande wa uwanda. Wewe na mama yako mkavuka mpaka kwenda Burundi, mimi nikapanda mtumbwi kuelekea mji wa Baraka. Malaria ikakukuta huko kwenye mahema ya wakimbizi. Nilipata habari umeshazikwa. Nililia, Byamungu, na katikati ya kilio nilikuwa naliona lile daftari wazi juu ya meza, na mwandiko wangu mbaya, na neno "umeuua".

Tuliporudi, nyumba yenu ilikuwa imefagiliwa. Waporaji walichukua televisheni, masufuria, hata viti vya plastiki. Daftari letu waliliacha, na kompyuta pia waliiacha. Inaonekana waliitazama hiyo kompyuta wakaona ni ya kale mno, haistahili hata kubebwa kichwani. Ungecheka mpaka ukae chini.

Nikaiwasha. Ilikuwa mizunguko yangu. Adui alikuja na watu wengi kwenye mji wetu wa ziwani, vikosi vyangu vipya, vile nilivyovisifu, vikaisha kabla sijakohoa. Bijombo wakabaki peke yao langoni na magobori yao. Mara ya kwanza wakasimama. Mara ya pili wakasimama. Katika mzunguko wa kumi adui aliomba amani, nami nikapiga meza nikapaaza sauti kana kwamba uko chumba cha pili.

Kisha ikawa zamu yako.

Hapo nilikwama. Bunduki za kisasa zilikuwa zimegunduliwa, na kuwapa Bijombo kungekula sanduku lote, kama kawaida yao. Kucheza mizunguko yako nilishindwa. Kila Jumamosi nilikuwa nawasha, natazama, nazima. Hadi mama yako akaingia na bakuli la ndagala, wale dagaa wa ziwani, akauliza nafanya nini. Nikamweleza. Nikamwonyesha na lile neno nililoandika.

Akasema, "Ah, ile? Alisoma. Ile Jumamosi akiwa anafunga mizigo. Alicheka mu njia yote, mpaka mu mto Ruzizi, akisema: mama, Kashindi aniita katekista!"

Nikalifunga daftari. Yeye akavuta ndoo akakaa, akajifuta mikono kwa kitenge. "Hawa ndio bazee ba Byamungu?" Nikasema ndiyo, lakini bei yao ni kubwa, vikosi vipya vitatu kwa bei hiyo. Akanitazama kana kwamba nimemtukana padri. "Weye unataka ubafukuze? Lipa."

"Mama, franga ya sanduku itaisha yote."

"Ikiisha tutatafuta ingine. Na bantu je, tutabatafuta wapi?"

Akabonyeza mwenyewe, kidole kimoja, kwa nguvu kama anaua kiroboto. Akaimaliza mizunguko yako kumi yote. Anacheza vibaya kukushinda hata wewe, na tayari ameniuliza kwa nini wake za hao askari hawaonekani.

Basi lala, mwenzangu. Mizunguko yako iko kwa mama, kila wiki, na mimi nimefunga betri mpya ili asikatizwe. Nakuahidi hivi: mashini hii ikikataa kuwaka, nitaitengeneza, na nikishindwa nitaifundisha nyingine mchezo wetu, lakini Bijombo hawatavunjwa na mkono wangu. Silaha yoyote itakayotoka, watapewa.

Jana nilifungua daftari, ukurasa ule ule. Lile langu sikulifuta, kwa kuwa ulilicheka. Nimeandika chini yake: "Tumebadilisha Bijombo. Sanduku iko tupu. Sikukasirika."

Kashindi