Kimashine Chako Ndani ya Treni Yetu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu Kalamu,

Pokea salamu za mama yako, zile za moyoni hasa. Hujambo mwanangu? Unalala vizuri? Unakula chakula cha moto au bado unakula umesimama? Kile kikohozi ulichokuwa nacho kwenye simu kimekwisha? Usiniambie kimekwisha kama hakijaisha, mimi nitakisikia tu. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kwenye ngazi, lakini tukishafika juu linanyamaza. Dada yako mzima. Baba yako naye mzima, anakwenda karakana yake ya useremala kila siku kama kawaida.

Utanisamehe mwandiko. Shule yangu unaijua ilipoishia. Lakini nimeona haya niyaandike, maana kwenye simu nikianza kuyasema nalia, halafu wewe unasingizia mtandao.

Kimashine kimefika. Boksi lilikuwa limebonyea pembe moja, roho ikaniruka, kumbe ndani ulikifunga kama yai. Nilidhani ni simu kubwa. Dada yako akasema, "Mama, hiki ni cha kuchezea gemu." Nikamwambia huyu mtoto amekosea anwani, mimi na miaka yangu hamsini na nane nicheze gemu na nani? Ndipo akanisomea karatasi yako. Kwamba ni cha safari, kwa sababu nilikulalamikia kuwa saa moja na robo ya treni asubuhi na nyingine jioni naimaliza kwa kuhesabu nguzo na kuwaza mabaya. Na kwamba ndani yake kuna gemu mliyoitengeneza hapo kazini kwenu, na baadhi ya vyumba umevichora wewe mwenyewe. Hukusema ni vyumba vipi. Ulisema nikivifikia nitavijua.

Chini kabisa ukaandika lile jambo lingine, kwamba mwezi wa nane una likizo ya wiki tatu, lakini hutakanyaga hapa mpaka baba yako aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Hilo nitalifikia. Nivumilie, nianze na lililo jepesi.

Kwanza nikueleze kifaa chenyewe kilivyo mkononi mwa mtu asiyejua kitu. Uzito wake ni kama vipande viwili vya sabuni ya kufulia. Dakika kumi za mwanzo huuhisi, ikifika ya ishirini vifundo vya mikono vinaanza kuuliza maswali. Dawa nimeshaipata, nakiegemeza juu ya mkoba mapajani. Kioo chake kinaonyesha vizuri hata kwa macho yangu haya, isipokuwa treni ikipita kwenye yale matangi ya maji, jua linaingia upande wa kulia na hapo sioni gemu, naona uso wangu umekunjamana. Sasa nakaa kushoto. Kwenda jua liko kulia na kurudi liko kulia, usiniulize kwa nini.

Vile vijiti viwili vya kuzungusha kwa dole gumba vilinitoa jasho. Siku ya kwanza yule mwanamke wa kwenye gemu, mwenye taa, alikuwa anagonga kuta kama mlevi. Siku ya tatu akaanza kutembea. Leo ananyooka kuliko mimi.

Siku ya pili kikatetemeka chenyewe mikononi mwangu. Nikakiweka kitini, nikasogea. Mama Pasi, yule mwenzangu wa chumba cha kufulia hospitalini anayenyoosha makoti ya madaktari, akakitazama akaniuliza, "Kinakata roho?" Nikamwambia sijui, tukakiacha kipumzike. Kumbe yule mwanamke wa gemu alikuwa amejikwaa tu.

Chaji yake inanitosha kwenda na kurudi kwa siku mbili nikipunguza mwanga. Sikiachi kwenye umeme nyumba ikiwa tupu, nakikalia mpaka kijae, maana habari za vitu kulipuka nimezisikia. Vidude vya masikioni havinikai, vinadondoka, kwa hiyo nacheza bila sauti. Nimekishonea mfuko kwa lile pazia letu la zamani la jikoni, la maua ya njano. Abiria wanadhani nimebeba chakula.

Nakwambia kwa uhakika, mwanangu, nimekipenda. Zamani nilikuwa nikifika kazini kichwa kimeshafua shuka mia za mawazo kabla mikono haijagusa hata moja. Siku hizi nafika na kichwa kikavu. Kasoro ni moja, kinakula vituo. Wiki ya kwanza nilipitiliza hospitali, nikazinduka treni imeshaondoka, ikabidi nirudi kwa miguu na goti langu. Msimamizi akaniuliza nimechelewa kwa sababu gani. Nikasema nilikuwa natafuta ufunguo. Sikusema uongo, yule mwanamke alikuwa anatafuta ufunguo.

Sasa nifike kwa baba yako.

Unajua tunapanda treni moja. Mimi nashuka hospitali, yeye anaendelea vituo viwili mpaka karakana. Siku kifaa kilipofika alikigeuza mara moja mkononi, akasema, "Ndiyo kazi yenyewe hii?" Akakirudisha mezani, akaendelea na chai. Na wewe unajua tangu uliposhusha aproni yako msumarini ukaenda kusomea kuchora kwa kompyuta, ukamwambia mbao zina mwisho wake, na yeye akakwambia usirudi kumwomba hata msumari, ni miaka miwili na nusu hajakutaja. Hata mimi, aliyekuwa akiniita Mama Kalamu mbele ya watu, tangu siku ile ananiita mama basi, kama ninavyoitwa na makonda.

Kwa hiyo nilikuwa nacheza pembeni yake bila kumsemesha, na yeye akitazama dirishani. Wiki nzima nilikwama kwenye daraja. Yule mwanamke mwenye taa anatakiwa avuke korongo, amepewa mbao ndefu mbili na fupi nyingi, azipange. Nikaweka fupi, zikaanguka. Nikaweka tena, zikaanguka. Mama Pasi naye akajaribu, akaangusha na mwanamke mwenyewe. Siku ya nne nasikia pembeni yangu mtu anapumua kwa pua. Siku ya tano baba yako, macho bado dirishani, akasema, "Ndefu zitangulie. Fupi zilale juu."

Nikafanya hivyo. Daraja likasimama. Sikumshukuru, niliogopa kumshtua, kama ndege akitua karibu na mtu.

Jumatano ya wiki ya juzi nikafanya kosa ambalo sitalijutia. Nilimwomba anishikie kimashine nifunge kamba ya kiatu, treni ikafika hospitali, watu wakasukumana, nikashuka mikono mitupu. Nilikumbuka nikiwa ngazini. Siku hiyo nilipanga foronya kwenye rafu ya taulo, nilipanga taulo kwenye rafu ya foronya. Niliwaza amekisahau kitini, au amekiweka chini ya ubao mzito. Mama Pasi akaniambia nijikaze kisabuni, mzee wangu hajawahi kupoteza hata penseli. Jioni akanikabidhi kikiwa ndani ya mfuko wake wa maua. Nikakiwasha. Hakina chaji hata tone, na asubuhi kilikuwa kimejaa. Nikamwangalia. Akasema karakana kulikuwa na joto, labda limekinyonya.

Kesho yake kwenye treni, hatujakaa vizuri, akaniuliza, "Kimechajiwa?" Nikampa. Akavaa miwani. Mwanangu, yule mwanamke mwenye taa hakuwa tena pale nilipomwacha. Alikuwa amevuka daraja, amefungua milango mitatu, amesimama ndani ya chumba kidogo chenye benchi la useremala, jiriwa la kubania mbao pembeni, maranda sakafuni, na dirisha lenye kioo kimoja kilichopasuka kwenye kona.

Hapo nikajua. Kioo kile cha karakana mlikipasua wewe na dada yako kwa ndimu.

Baba yako akaanza kukukosoa kama vile umesimama mbele yake. Msumeno umetundikwa meno nje, mtu akipita atajikwangua bega. Chupa ya gundi haina kifuniko, gundi gani inaachwa wazi. Patasi pana imechanganywa na nyembamba. Alikuwa anasema kwa sauti, abiria wa mbele wakageuka. Nikasema moyoni leo ndiyo mwisho, atakirudisha na hatataka kukiona tena.

Kisha akakisogeza kimashine mpaka kikagusa miwani. Kwenye benchi pale, kitu kidogo kama ukucha, kuna randa. Imelazwa ubavu.

Unakumbuka ulivyokuwa na miaka saba, alivyokuwa anakupiga kofi dogo la mkono kila ukiilaza kifudifudi? "Unaiua makali." Mara mia alikwambia. Mimi niliyekuwa nakuletea chai pale karakana nilichoka kwa niaba yako. Sasa baba yako anaitazama randa ile, anaitazama, na kidole gumba chake hakigusi kitufe chochote.

Kituo changu kikafika. Nilikiona vizuri, nikakiacha kipite. Nilikaa naye mpaka karakana, kisha nikapanda treni ya kurudi. Nilichelewa dakika arobaini. Msimamizi akauliza kama ni ufunguo tena. Nikamwambia hapana, leo nimeupata.

Tangu siku hiyo asubuhi anacheza yeye, jioni nacheza mimi. Tunakwenda vizuri. Lakini mwanangu, lile swali lako la likizo bado nimelikalia. Nilimuuliza Ijumaa, kwa njia ya mbali, kama mwezi wa nane tutakuwa na mgeni. Akasema mgeni anajijua mwenyewe. Nilitaka nikuandikie kwamba amesema uje. Kalamu ilikuwa mkononi, nani angejua? Lakini kinywa cha baba yako si changu, na wewe uliomba cha kwake. Kwa hiyo sina jibu la kukupa leo. Nina hizi habari tu. Usikate tamaa, na nauli usiitumie kwa jambo jingine.

Dada yako anakusalimu, anasema wewe na yeye bado mna kesi ya kile kioo. Shangazi yako anakusalimu. Mama Pasi anakusalimu sana, anauliza kama mnaweza kuweka kwenye gemu chumba cha pasi, lakini kiwe na feni. Nisalimie yule mzee mwenye nyumba unakokaa, mwambie namshukuru kwa kukuchemshia maji ulipoumwa. Vaa soksi. Mungu akufunike huko uliko, akulinde barabarani na kazini, na akutunzie macho yako, maana ndiyo unayolia nayo chakula.

Mimi mama yako, niliyekuzaa na ambaye bado hajamaliza kukuhangaikia.

Kalamu, usikunje karatasi. Barua nilikuwa nimeshaimaliza, nimekwenda jikoni kutafuta bahasha. Niliporudi nikamkuta baba yako amekaa kwenye kiti changu, amevaa miwani, ameishika hii karatasi. Amesoma yote, nadhani. Hilo doa jeusi hapo pembeni si langu. Ametoa ile penseli yake bapa ya useremala, akaanza kukuchorea msumeno unavyotundikwa. Akachora ukuta. Akachora msumari. Akachora meno, akayafuta kwa dole gumba, akachora tena, akafuta. Mwisho akaiweka penseli sikioni.

Akasema, "Mama Kalamu, andika."

Nikamwambia anipishe kiti changu. Nikakaa. Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza, na amesimama nyuma yangu anahakikisha:

"Msumeno hauelekezwi kwa barua. Mwezi wa nane aje nimwonyeshe."