Mtungi Uliofungwa Kila Ijumaa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimechoka. Natoka nyumbani Kibamba mvua, nafika maabara mvua, soksi zimelowa chapachapa. Magoti manne ya ng'ombe yameletwa kutoka machinjioni. Mchinjaji bado anaamini tunapika supu!

Nimekata gegedu, ule utando mweupe unaofunika ncha ya mfupa. Nusu ya vipande nimeweka kwenye hewa ya kawaida, nusu kwenye kabati la hewa kidogo. Gegedu halina mshipa wa damu, kwa hiyo goti huishi kwa oksijeni kidogo sana. Mtungi wa naitrojeni unapuliza kabatini mpaka oksijeni inashuka hadi mbili kwa mia. Halafu naweka dawa ile ile ambayo wagonjwa wanachomwa gotini. Hili fungu la sita. Katika matano yaliyopita dawa imelinda gegedu vizuri, kwenye hewa zote mbili.

Nyumbani, goti la kulia la mama limevimba tena. Daktari alisema yote mawili yamesagika. Kuchuchumaa chooni hawezi. Namshika makwapani, anageukia ukutani ili tusitazamane. Sindano yake ya tatu ya dawa hiyo ni tarehe 22 na alikuwa anasitasita. Ya kwanza ilimpa miezi miwili ya nafuu, ya pili wiki tatu tu. Nikamwambia nenda kachome mama, hiyo dawa nimeiona kwa macho yangu, inafanya kazi.

Akatulia. Na mimi nikalala.

Jumatano, 7 Mei

Leo jumuiya imesali kwetu. Nimerudi nimewakuta wanakunywa chai. Mama anawatangazia kuwa Noela wake ndiye anayeipima dawa ya magoti, na kaipitisha! Mmoja wao, Mama Lulu, akaniuliza na yeye aandikishe jina? Nikasema aonane na daktari kwanza. Mama akanikata jicho kana kwamba nimemuaibisha.

Ulimi hauna mfupa. Ningenyamaza toka mwanzo.

Jumatatu, 12 Mei



Jirani amenipa lifti alfajiri, nikafika saa kumi na mbili na nusu badala ya saa tatu. Naingia — namkuta Mzee Gregori, mlinzi wetu, ameinama kwenye mtungi, anaufungua. Naangalia kabati: ishirini na moja. Si mbili. Ishirini na moja! Hewa ya nje kabisa.

Shikamoo mzee, mtungi vipi?

"Marahaba. Mie huwa naufungaga Ijumaa mkishaondoka," akasema, kwa fahari kabisa. "Jumatatu naufungua kabla hamjaja. Gesi ni gesi, mwanangu. Kwa dada yangu pale Tandale, jiko lililipuka likaondoka na bati."

Nikamwambia hii haiwaki. Hata ukiiwekea kiberiti, kiberiti ndicho kitakachozimika. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeshazika ndugu.

Tangu lini? Tangu Januari, ulipokuja mtungi mpya. Kila Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Mafungu yote sita! Nikifika saa tatu, namba imesharudi mbili, naandika mbili daftarini, natia saini.

Siwezi kumlaumu. Hata mimi nyumbani silali bila kufunga mtungi wa jikoni. Mwezi wa tatu Dk. Bahiya, mkuu wa maabara, alinisifu mbele ya watu kwamba gesi yangu inadumu. Nilitabasamu. Na kabati lina kengele inayolia oksijeni ikipanda. Niliizima mwenyewe, kwa sababu ilikuwa inapiga kelele kila umeme ukikatika.

Kwa hiyo nilichokiona kwa macho yangu si goti. Ni vipande vilivyokaa kwenye hewa ninayovuta mimi. Na mama nimeshamwambia.

Jumanne, 13 Mei

Nimemweleza Dk. Bahiya. Hakufoka. Angefoka ningejisikia nafuu. Alivua miwani, akaikunja, akauliza nani alizima kengele. Mimi. Akasema tutawaandikia wafadhili kuwa mafungu sita hayafai, nianze la saba leo leo, na Mzee Gregori asiguswe, aelezwe vizuri tu.

Sikumtaja mama.

Mama sikumwambia pia. Usiku ameniita mara tatu kwenda chooni. Mara ya tatu alisema samahani. Nilitaka kulia, nikapiga miayo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda maabara siku yangu ya mapumziko. Mtungi wazi. Kabati: mbili. Mzee Gregori ameandika mwenyewe kwa kalamu nene, akabandika: MTUNGI HUU USIFUNGWE HATA UKIOGOPA.

Ndiyo kicheko changu cha wiki.

Jumatano, 21 Mei

Nimepaka rangi vipande vya fungu la saba. Gegedu lenye afya hunywa rangi, likawa jekundu. Lililochakaa hupauka.

Hewa ya kawaida na dawa: nyekundu nzuri, kama siku zote.

Hewa kidogo bila dawa: nyekundu.

Hewa kidogo na dawa: imepauka. Nikabadilisha kioo, nikafuta lenzi, nikaangalia tena. Magoti matatu kati ya manne yamepauka. La nne lina wekundu pembeni tu.

Dk. Bahiya aliinama kwenye darubini muda mrefu. Akasema mara moja si matokeo, turudie. Hapo ndipo nikamwambia: kesho mama anachomwa hii hii. Akainua kichwa. Akasema hawa ni ng'ombe, Noela, tena wazima, mama yako ana miaka sitini na saba na goti la ugonjwa. Usimzuie kwa kipande kwenye kikombe. Halafu akasema, lakini mwambie.

Nimefika nyumbani, mama ameshapiga pasi kitenge cha kwendea kliniki. Nikasema nitamwambia akishakula. Alipokula alilala.

Alhamisi, 22 Mei

Kliniki, saa nne na robo. Sisi namba kumi na tisa, ndani yuko kumi na sita. Mama amekaa ukingoni mwa benchi, mguu ameunyoosha, wapitaji wanauruka.

Nimemwambia. Nimeanzia mtungini, nikachanganya mambo, nikaanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho, ambayo si kawaida yake.

"Kwa hiyo hizi mbili nilizochoma zimelila goti?"

Sijui, mama. Labda.

"Daktari anajua?"

Nikamwambia daktari anajua dawa inatuliza maumivu, na ni kweli inatuliza. Tutamuuliza tukiingia. Lakini hayo ya kwenye hewa kidogo ndiyo kwanza tunayatafuta.

Kumi na saba ameingia.

Mama akafikiri. Akauliza, "Hivyo vipande vyako, vinaumwa?"

Haviumwi.

"Mie naumwa."

Nikamwambia tunaweza kuahirisha wiki tatu, nirudie kipimo. Akaniuliza hizo wiki tatu nani atamnyanyua nikiwa kazini? Kwa upole tu. Ingekuwa kwa ukali ningejitetea.

Kumi na nane ameingia, ametoka. Haraka hivyo!

Kanishika kifundo cha mkono. "Wewe ndo ulosema nichome. Sasa sema tena. Goti hili lingekuwa lako, ungechoma?"

Nimeinamia daftari, najifanya naandika jambo la kazi. Nesi ameita jina la mama, Marietha. Ameita tena, kwa sauti. Watu wanageuka. Mama anaweza kusimama, mkono mmoja tayari uko ukutani, lakini hasimami. Ananitazama mimi, anasubiri jibu langu.