Wamemfuta mama kwenye albamu

Paulette, uko?

Tumetoka sasa hivi kwenye uzinduzi wa ile albamu ya rege ambayo mama aliimba viitikio, toleo jipya la kutimiza miaka hamsini. Albamu ambayo Kingston nzima inaijua kwa moyo. Wamemfuta mama. WAMEMFUTA.

Wimbo wa tatu ulipoanza, mama alinishika mkono akisubiri pale anapoitikia. Ikatoka sauti ya kibinti fulani, laini kama sharubati. Mama akaniuliza, "Huyu nani?"

Yule Lascelles, mtoto wa marehemu prodyuza, akatujia anachekelea. "Anti Icilda, umesikia ilivyo safi? Sauti yako ilikuwa inakwaruza, tukaisafisha."

Tukaisafisha! Kama doa!

Mama akamwambia polepole, "Siku ile ya kurekodi nilikuwa na mimba ya huyu binti yangu, miezi minane. Feni ilizimwa isisikike. Baba yako alinirudisha niimbe upya mara kumi na moja mpaka sauti ikakwaruza, ndipo akasema, hiyo hiyo, mtu asiiguse."

Unajua alijibu nini? "Sawa Anti, ila vijana wa sasa hawaipendi." Halafu akamshika mama begani, akatoa simu wapige picha. Picha, Paulette!

Mama akautoa ule mkono. "Kapige na huyo uliyemweka."

Sasa tuko nyumbani, mama anakaanga samaki. Unamjua, hawezi hata kuosha kikombe bila kuimba. Leo nasikia mafuta tu.